Bima ya mzigo kwa mafowada: kuanzia kotesheni mpaka siku ya kleimu

Ndugu zangu mafowada, yani sisi mawakala tunaosafirishia watu mizigo, mteja akikupa mzigo wake uutoe nchi moja uupeleke nyingine, kichwani mwake kuna jambo moja tu: huyu nimemlipa, kikiharibika kitu atanilipa. Hajui laini ya meli ina kikomo cha kulipa, hajui na wewe una kikomo chako, na mara nyingi hakuna mtu amewahi kukaa naye akamweleza. Hiyo kazi ya kumweleza ni yako, na ifanyike kwa maandishi kabla mzigo haujatoka stoo ya muuzaji, mana ukishaharibika kila utakachosema kitaonekana ni kujitetea.

Yalishanikuta mimi. Miaka ya nyuma nilipewa mashine ya kufungashia dawa, kilo 400, thamani yake kama dola 30,000, mteja akaniandikia "naomba mzigo wangu uwe salama" na mimi nikamjibu "usijali". Basi. Mashine imefika imeloa maji ya chumvi, paa la kontena lina tobo dogo la kutu ambalo hakuna aliyeliangalia. Mteja akafungua ile emaili akaniambia si ulinihakikishia bima hapa? Na hakuwa ananidanganya, yeye kweli aliamini usijali maana yake ni bima. Tulichopata kwa msafirishaji hakikufika hata sehemu ya ishirini ya thamani, na mteja nikampoteza. Haya ninayoandika hapa chini ndo utaratibu niliojiwekea baada ya hapo, kila mzigo, hata wa mteja ninayemjua miaka kumi.

Hatua ya 1: Jua umevaa kofia gani kwenye mzigo huo

Kuna mzigo unaushughulikia kama wakala tu, yaani unamtafutia mteja nafasi kwenye meli, BL (hati ya kupakia mzigo melini) inatoka kwa laini yenyewe na jina la mteja liko pale. Afu kuna mzigo ambao wewe umetoa BL yako mwenyewe, ile ya nyumba, iwe ya FIATA (shirikisho la kimataifa la mafowada) au ya kampuni yako, hapo kwa sheria wewe ndo msafirishaji mbele ya mteja hata kama huna boti wala baiskeli. Kofia hizi mbili zina dhima (wajibu wa kulipa kisheria) tofauti kabisa na ukizichanganya unajiumiza, kwahiyo kwenye faili la kila mzigo andika juu kabisa: wakala au msafirishaji.

Sasa hapa ndo pana mkanganyiko mkubwa kuliko yote, na mafowada wengi tu wanao, siyo wateja peke yao. Bima ya dhima uliyonayo wewe fowada SIYO bima ya mzigo. Bima ya dhima inakulinda wewe ukidaiwa, na inalipa kile tu ambacho kisheria unatakiwa ulipe, na hicho kina kikomo na kina sababu kibao za kutolipwa. Bima ya mzigo ni ya mwenye mali, inalipa hasara ya mali yenyewe bila kuuliza nani alikosea. Ukimwambia mteja "sisi tuna bima" bila kufafanua ni ipi, umemdanganya hata kama hukukusudia. Mimi nimelifuta hilo neno kabisa kwenye barua zetu, tunaandika "tuna bima ya dhima, ambayo hailindi mali yako".

Hatua ya 2: Mpigie mteja hesabu ya kilo

Maelezo marefu ya sheria mteja hasomi, ila hesabu ya mzigo wake mwenyewe anasoma. Chukua uzito wake, chukua thamani yake, mwandikie mistari mitatu minne kwenye kotesheni, ile karatasi ya bei unayompa.

Baharini, nchi nyingi zinafuata kanuni za Hague-Visby, kikomo ni SDR 2 kwa kilo au SDR 666.67 kwa kifurushi, kinachukuliwa kilicho kikubwa. SDR ni ile hesabu ya fedha ya IMF, miaka ya karibuni imekuwa ikicheza kwenye dola 1 na senti thelathini na kitu, saa nyingine arobaini na kitu. Kwa mashine yangu ile ya kilo 400 maana yake ni SDR 800, sema dola elfu moja na mia hivi, kwa mali ya dola 30,000. Kwenye kanuni za Hamburg za 1978 ni SDR 2.5 kwa kilo au 835 kwa kifurushi. Mzigo wa kwenda au kutoka Marekani kwa bahari ni dola 500 kwa kifurushi, kiwango cha sheria yao ya 1936 na mpaka leo hakijabadilika. Kwa ndege chini ya mkataba wa Montreal wa 1999 ni SDR 26 kwa kilo tangu tarehe 28 Desemba 2024, kabla ya hapo ilikuwa 22. Barabarani kwa nchi zilizo kwenye mkataba wa CMR (mkataba wa kimataifa wa mizigo ya malori) ni SDR 8.33 kwa kilo. Kwahiyo mashine ile ile ingelipiwa SDR 10,400 kwa ndege na SDR 3,332 kwa lori la CMR, na bado hakuna hata njia moja inayokaribia thamani halisi.

Afu hapo ni kama msafirishaji ana kosa. Chini ya Hague-Visby laini hailipi kabisa kama chanzo ni dhoruba ya bahari, au nahodha kakosea kuendesha meli, au moto ambao mwenye meli mwenyewe hakuusababisha. Yani meli ikigonga mwamba kwasababu nahodha alikosea njia, mzigo wa mteja wako ukaishia chini, laini inaweza kusema hatulipi hata senti na sheria ikawa upande wao. Mteja akiambiwa hili kwa mara ya kwanza huwa anadhani unamtisha auziwe bima. Mpe tu nakala ya masharti ya nyuma ya BL asome mwenyewe.

Hatua ya 3: Soma Incoterm kabla hujauliza chochote kuhusu bima

Incoterms ni masharti ya kimataifa ya mauzo yanayosema kati ya muuzaji na mnunuzi nani anabeba gharama na hatari, na mpaka wapi. Kwenye Incoterms 2020 kuna masharti mawili tu yanayomlazimisha muuzaji kukata bima kwa faida ya mnunuzi, CIF (bei yenye bima na nauli ya meli) na CIP (kama hiyo ila kwa usafiri wowote). Yaliyobaki yote, EXW, FCA, FOB, CFR, CPT, DAP, DPU, DDP, FAS, hakuna aliyelazimishwa, kila mtu abebe hatari ya upande wake. Nimeona watu wanadhani CFR ina bima ndani kwa vile inafanana na CIF. Haina.

CIF na CIP zenyewe sasa hazilingani, na hapa wengi wanakwama. CIF inamtaka muuzaji akate bima ya kiwango cha chini kabisa, klozi C (klozi ni masharti ya bima, nazieleza kwenye hatua ya 4). CIP kuanzia toleo la 2020 inamtaka akate klozi A, ile pana. Thamani kwa zote mbili ni angalau asilimia 110 ya bei ya mkataba. Kwahiyo mteja wako mnunuzi akikuambia "mimi nimenunua CIF niko sawa nina bima", muombe cheti cha bima uone klozi. Ukikuta C mwambie wazi kwamba wizi haumo, kuloa haumo, na kama anataka zaidi aombe muuzaji aongeze au akate nyongeza mwenyewe.

FOB nayo ina pengo lake. Mnunuzi wa FOB bima yake kwa kawaida inaanza mzigo ukishapanda melini, kwasababu kabla ya hapo hatari siyo ya kwake. Muuzaji naye anadhani mnunuzi kakata bima ya safari nzima. Lori likipinduka kati ya stoo na bandari ya kupakilia, kila mmoja anamwangalia mwenzie. Ukiwa fowada wa muuzaji wa FOB muulize hicho kipande cha barabara kina bima ya nani, na kama mzigo ni wa kontena mshauri watumie FCA (hatari inahama mzigo ukikabidhiwa kwa msafirishaji) badala ya FOB, mana kontena linakabidhiwa yadi siku kadhaa kabla meli haijafika.

Hatua ya 4: Klozi A, B au C, hapa usikimbilie bei

Klozi zinazotumika karibu dunia nzima ni za soko la bima la London, Institute Cargo Clauses, toleo la 1982 na lile lililoboreshwa la 2009. Omba la 2009, sababu nitaisema kwenye muda wa bima.

Klozi C inataja majanga makubwa tu: moto au mlipuko, meli kukwama, kuzama au kupinduka, chombo cha nchi kavu kupinduka au kuacha reli, kugongana, kushusha mzigo kwenye bandari ya dharura, mali iliyotoswa baharini kuokoa meli, na ile hasara ya pamoja ya jenero avareji ambayo nitaifikia. Klozi B inaongeza tetemeko la ardhi, volkano, radi, mzigo kusombwa na mawimbi kutoka melini, maji ya bahari, ziwa au mto kuingia kwenye meli au kontena au stoo, na kifurushi kizima kilichopotea kwa kudondoka wakati wa kupakia au kushusha. Klozi A inageuza mambo, inafunika kila hasara ya bahati mbaya isipokuwa ile iliyotajwa kwamba haimo.

Angalia kitu kimoja: wizi haumo kwenye C wala kwenye B. Na kwa mizigo ya kawaida ya kontena, wizi, kuvunjika kwa kubebwa vibaya na kuloa ndo vitu tunavyokutana navyo mara nyingi, meli kuzama ni nadra. Kwahiyo ukimkatia mteja wa simu au nguo au vipodozi klozi C kwasababu ni rahisi, umemuuzia ulinzi wa janga linalotokea mara chache ukamuacha wazi kwa linalotokea kila mwezi. C inafaa mizigo ya wingi isiyoibika kirahisi, chuma chakavu, makaa, klinka, mawe. Mashine zilizotumika na magari ya mtumba kampuni nyingi za bima hazitoi A kirahisi, zinatoa C au B au A yenye masharti ya kutu, mikwaruzo na vipuri, basi msomee mteja hayo masharti kabla hajalipa. Mizigo ya baridi ina klozi zake, usiiweke kwenye klozi za kawaida, na uliza friji ikiharibika bima inaanza kulipa baada ya saa ngapi.

Na hata A siyo kila kitu. Hazimo hizi: kosa la makusudi la mwenye bima, kuvuja na kupungua uzito kwa kawaida, ufungashaji mbovu, ubovu wa asili wa mali yenyewe (matunda kuiva, unga kuota wadudu wake wenyewe), kuchelewa hata kama kilichochelewesha kina bima, na kufilisika kwa mwenye chombo pale ambapo mwenye bima alijua au alitakiwa ajue wakati wa kupakia. Hili la kufilisika usilione la mbali. Mwisho wa Agosti 2016 Hanjin ya Korea Kusini iliomba ulinzi wa mahakama, meli zake zikabaki zinaelea baharini kwasababu bandari ziliogopa hazitalipwa, na wenye mizigo wakatafuta hela zao za kuyatoa makontena na kuyasafirisha upya. Kuchelewa ndo kunawauma zaidi wateja wa bidhaa za msimu, waambie mapema kwamba bima ya mzigo hailipi faida iliyopotea kwa sababu ya sikukuu kupita.

Hatua ya 5: Thamani isiwe ya kubahatisha

Kanuni ya kawaida ni bei ya mali, jumlisha nauli, jumlisha ada ya bima, afu ongeza asilimia 10. Mfano, invoisi dola 40,000, nauli 4,000, ada tuseme 200, jumla 44,200, ukizidisha na 1.1 unapata dola 48,620, hiyo ndo unaitangaza. Mteja akilipia ushuru wa forodha na kodi nyingine, omba ziongezwe kama kipengele chake mwenyewe, mana mzigo ukiharibika baada ya ushuru kulipwa hiyo hela nayo imeenda.

Mteja anayepunguza thamani ili ada iwe ndogo mweleze hivi: mali ya 60,000 ukiitangaza 30,000, hasara ya 10,000 utalipwa 5,000, kwasababu nusu iliyobaki umejibebea mwenyewe. Na yule anayekupa invoisi mbili, moja ya forodha na moja ya bima, mkatalie. Kampuni ya bima siku ya kleimu, yani siku mteja akidai alipwe, itaomba karatasi za forodha, itaona namba mbili tofauti, na hapo wewe uliyetangaza ndo utaulizwa ulijua nini.

Hatua ya 6: Uliza kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi

Huu ndo moyo wa mambo yote. Sisi tunatuma hivi, unaweza kuchukua ukabadilisha:

"Mzigo wako (maelezo, uzito, safari) HAUJAKATIWA bima. Dhima yetu na ya msafirishaji ina kikomo kidogo cha uzito na mara nyingine haipo kabisa. Tafadhali jibu moja: (1) Nikatieni bima, klozi A pamoja na vita na migomo, thamani ya invoisi ni ... (2) Sitaki bima, nimeelewa hatari. (3) Nina bima yangu, kampuni ni ... namba ya hati ni ... Bima haianzi mpaka tukutumie uthibitisho."

Mteja akijibu kwa simu au kwa sauti ya WhatsApp, mwandikie emaili ya kurudia alichosema. Asiyejibu hajasema ndiyo wala hapana, mpigie, usiuache mzigo upande melini swali likiwa hewani. Na akijibu ndiyo, kata siku hiyo hiyo. Nasema siku hiyo hiyo kwa kumaanisha, kwasababu fowada aliyeagizwa akate bima akasahau, hasara ikitokea mteja atamdai kile ambacho bima ingelipa, yani thamani nzima, na kile kikomo cha SDR 2 kwa kilo ni vigumu kukikimbilia hapo kwasababu kosa siyo la usafirishaji tena, ni la kutotekeleza agizo.

Mambo mawili ya kuangalia kabla hujaanza kukatia watu bima. La kwanza, nchi nyingi kuuza au kushauri bima ni kazi yenye leseni, fowada anaruhusiwa kwa mipaka fulani au kupitia broka mwenye leseni. Uliza mamlaka ya bima ya nchi yako na ufuate, na swali la "je hili litalipwa?" mwachie broka alijibu, usitafsiri hati kwa kichwa chako. La pili, kama una mizigo mingi tafuta mkataba wa wazi, yani mkataba mmoja wa muda mrefu na kampuni ya bima ambapo kila mzigo unautangaza unavyokuja. Una raha yake ila una nidhamu yake: unatangaza KILA mzigo uliokubaliwa kuingizwa, hata uliofika salama, huchagui yale yenye wasiwasi tu. Na angalia kikomo cha thamani kwa meli moja, wateja watano wakipakia meli moja unaweza kukivuka bila kujua.

Kuna lingine ambalo wengi hawalijui, mteja mwenye bima yake mwenyewe (jibu namba 3) siyo kwamba wewe umepona. Kampuni ya bima ikishamlipa inaingia kwenye viatu vyake na inakuja kukudai wewe. Hata bima uliyomkatia wewe kupitia mkataba wako inaweza kukurudia kama hakuna kipengele kinachosema hawatakudai. Kwahiyo kwenye mkataba wako wa wazi omba kipengele hicho kiwekwe, na kwa mteja mwenye bima yake mwombe aulize kampuni yake kama inakubali kuacha haki ya kukudai. Usimpe mteja karatasi asaini ya kukusamehe bila bima yake kujua, utamharibia bima.

Hatua ya 7: Kontena na ufungashaji

Hapa naenda haraka. Ingia ndani ya kontena tupu, mtu afunge milango nje, simama kimya uangalie juu na pembeni. Ukiona mwanga umeona tobo, likatae hilo kontena. Dakika mbili tu, na ndo dakika mbili ambazo mashine yangu ilizikosa. Piga picha sakafu, kuta, mzigo ukiwa nusu, mzigo ukiwa umejaa, mlango umefungwa na namba ya sili inasomeka. Ufungashaji ufuate mwongozo wa CTU (wa kupakia makontena na magari ya mizigo) wa mwaka 2014 uliotolewa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, IMO, ILO na UNECE, mana bima ikikuta mzigo ulikuwa unacheza ndani bila kufungwa itasema ufungashaji mbovu. Kama mteja kafungasha mwenyewe na unaona ni hovyo, mwandikie. Mizigo ya betri na kemikali ukikuta imetangazwa jina lingine, simamisha, moto mmoja unaunguza mizigo ya watu wengine elfu.

Hatua ya 8: Fuatilia saa ya bima

Toleo la 1982 bima inaanza mzigo ukitoka stoo, la 2009 linaanza mzigo ukinyanyuliwa ndani ya stoo kwa ajili ya kupakiwa mara moja, na linaisha ukishamaliza kushushwa kwenye stoo ya mwisho. Ndo maana nikasema omba la 2009, forklifti ikidondosha boksi wakati wa kupakia lori uko ndani.

Ila kuna siku 60. Mzigo ukishashushwa kutoka melini kwenye bandari ya mwisho, siku 60 zikipita bima inakufa hata kama mzigo bado uko bandarini unasubiri karatasi. Kwa ndege ni siku 30. Na inakufa mapema zaidi kama mteja ameamua kutumia kontena kama stoo yake, au kuuweka mzigo mahali kwa ajili ya kuugawa. Weka alamu kwenye simu siku ya 40, ukiona kibali hakijatoka omba kampuni ya bima iongeze muda kabla haujaisha. Wakiongeza ada, ada hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na kontena zima lisilo na bima.

Hatua ya 9: Vita, migomo, na jenero avareji

Klozi A haina vita wala migomo ndani, zinaongezwa kwa klozi zake mbili tofauti. Ile ya vita inalinda mzigo ukiwa melini tu, siyo ukiwa stoo au barabarani, na kampuni ya bima inaweza kuifuta kwa notisi ya siku 7. Tangu Novemba 2023 meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, laini nyingi zilizungukia Rasi ya Tumaini Jema, na ada za vita zilikuwa zinabadilika kila mara, kwahiyo kotesheni ya vita ya wiki iliyopita usimpe mteja wa leo.

Jenero avareji ni ya zamani kuliko bima yenyewe: meli ikiwa hatarini, gharama za kuiokoa zinagawanywa kwa wote wenye mali ndani yake kulingana na thamani, hata ambaye mzigo wake haujaguswa. Hesabu yake inafuata kanuni za York-Antwerp. Machi 2018 Maersk Honam iliwaka moto Bahari ya Arabuni, na wenye mizigo waliambiwa waweke dhamana asilimia 42.5 ya thamani kwa ajili ya waokoaji na 11.5 kwa jenero avareji, jumla 54. Mali ya dola 100,000 dhamana dola 54,000 ndo uachiwe kontena lako ambalo halina hata mkwaruzo. Machi 2021 Ever Given iliziba mfereji wa Suez siku sita, mwenye meli akatangaza jenero avareji pia. Mwenye bima, hata ya klozi C, kampuni yake inatoa dhamana ya maandishi na yeye anasaini fomu. Asiye na bima anatoa pesa taslimu au kontena linabaki.

Kazi yako hapo ni kasi. Tangazo likitoka kwa laini linakuja kwako kwanza kama BL ya laini iko kwa jina lako, mtumie kila mteja siku hiyo na fomu zake. Kwenye kontena la mchanganyiko ni kasi mara mbili, mana mmoja asipoweka dhamana wote humo ndani wanasubiri.

Hatua ya 10: Siku mzigo umefika una hasara

Mteja akikupigia analia, mtulize afu mpe maagizo haya, na uyaandike pia. Asisaini karatasi ya kupokea ikiwa safi, aandike alichoona, "maboksi 14 yameloa, sili namba tofauti", siyo "nitahakiki baadaye". Apige picha kabla ya kutoa kitu. Asitupe chochote wala kuuza bei ya kutupa mpaka saveya (mkaguzi wa hasara) afike, lakini pia asikae akiangalia, kilicho kikavu kitenganishwe na kilicholoa, kinachoweza kukaushwa kikaushwe, sheria inamtaka apunguze hasara kama vile hana bima na gharama za maana za kufanya hivyo bima inarudisha. Kwenye cheti cha bima kuna jina la wakala wa kukagua kwenye nchi ya kupokelea, huyo ndo anaitwa, siyo saveya yeyote wa mtaani.

Wakati huo huo mwandikie msafirishaji barua ya kumuwajibisha. Hague-Visby inatoa siku 3 kwa hasara isiyoonekana kwa nje, CMR siku 7 bila kuhesabu Jumapili na sikukuu, Montreal siku 14 za kuharibika na 21 za kuchelewa. Ukikosa siku za Montreal haki ya kumdai mbeba ndege inakufa kabisa. Na kampuni ya bima ikikuta mteja aliiua haki ambayo wangeitumia kumdai msafirishaji, inaweza kupunguza au kukataa kleimu.

Faili la kleimu liwe na cheti halisi cha bima, invoisi, pakingi listi, BL au waybili, karatasi ya kupokea yenye maneno yale, ripoti ya saveya, picha, barua kwa msafirishaji na jibu lake, na hesabu ya hasara. Mzigo wa baridi ongeza rekodi za joto. Ukikosa kimoja kleimu inakaa miezi.

Mwisho ni tarehe ya mwaka mmoja. Hague-Visby inakupa mwaka 1 tangu mzigo ukabidhiwe kumpeleka msafirishaji mahakamani, Hamburg na Montreal miaka 2, BL ya FIATA ina miezi 9 tu kwa anayekudai wewe. Kleimu ya bima ikiwa bado inazungushwa mwezi wa kumi tangu mzigo ukabidhiwe, mwandikie msafirishaji aongeze muda, upate jibu lake kwa maandishi, na nakala iende kwa kampuni ya bima siku hiyo hiyo.